Dang'a Haitoki Bomani

Dang'a ilianza kuganda Tekla akiwa bado anaikoroga. Kwanza ilishika pembeni mwa sufuria, kisha katikati, na kabla hajafahamu anachokitazama, maziwa yale mazito ya njano yalikuwa yameshakuwa kitu kimoja kinachotikisika kama yai la kukaanga. Mama mkwe wake, Jenifa, aliegemea fimbo yake, akainama juu ya sufuria na kunusa.

"Imekubali," alisema kwa furaha. "Mwite Glory aje na bakuli."

Tekla hakumwita mtoto. Alisimama na mwiko mkononi, akaangalia sufuria, akaangalia mlangoni, akarudi kwenye sufuria. Mlangoni, juu ya gunia, alilala ndama jike aliyezaliwa alfajiri. Shingo yake ilikuwa bado haijakaza. Ile dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, ilikuwa ya kwake, na hapakuwa na nyingine, kwa sababu ng'ombe aliyeitoa alikuwa sasa nyuma ya nyumba akichunwa.

Alizaa kwa shida. Damu haikukatika, na jua lilipotoka alishindwa kuinuka, mpaka wanaume wakakubaliana achinjwe kabla hajafa mwenyewe. Tekla aliwaomba wangoje kidogo. Alipiga magoti akamkamua akiwa amelala vilevile, chuchu zote nne, mpaka yakabaki matone. Ng'ombe huyo alikuja naye kutoka kwao Nambis alipoolewa. Alipewa na baba yake, na baba yake alishafariki. Miaka yote alikuwa akizaa madume, na madume yaliuzwa. Huyu wa kwenye gunia ndiye jike wa kwanza. Akifa, uzao ule umekwisha, na Tekla hatakuwa na kitu chochote zizini kilichotoka kwao.

Alikusudia kuipasha tu ile dang'a, ifike joto la mwili, amnyweshe ndama kwa chupa. Lakini katika jiko lile maziwa hayakuwahi kupashwa. Yalichemshwa. Ilikuwa hivyo tangu Jenifa augue ugonjwa wa kutupa mimba, ule unaotoka kwa ng'ombe na kumwingia mtu kupitia maziwa mabichi, ukamwachia homa za kwenda na kurudi na magoti yasiyokunjika. Baadaye Festo, afisa mifugo, alifanya semina kwenye uwanja wa shule, akawafanya watu waitikie kwa pamoja: maziwa yachemshwe, yachemshwe, yachemshwe! Tekla aliitikia kwa sauti kuliko wengi. Kwa hiyo asubuhi hii, mawazo yake yakiwa nyuma ya nyumba kwa ng'ombe, mkono wake ulisukuma kuni ndani kama kila siku.

"Mama," alisema, "nimeiharibu."

"Umeharibu nini? Si ndivyo inavyotakiwa kuwa?"

"Kwa kula ni nzuri. Kwa ndama imeharibika."

Jenifa alimega kipande kwa vidole, akaonja, akameza. "Kwani imepungua nini? Hukumwaga hata tone. Iponde, changanya na maji ya vuguvugu, umpe."

Tekla alijua jibu, na kulijua kulimfanya ashindwe kusimama mahali pamoja. Shule aliishia kidato cha pili. Mwaka huu alijiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kitabu chake cha baiolojia, kisicho na jalada, alikuwa nacho shambani, machungoni, popote. Sura ya protini aliirudia mara nyingi. Na kwa kuwa hakupenda kuamini kitu asichokiona, alichukua ute wa yai akaugawa kwenye glasi tatu. Ya kwanza aliitia maji ya ndimu, ya pili maji ya moto, ya tatu gongo aliyonunua kwa jirani. Zote tatu zikawa nyeupe. Hayo ndiyo matokeo aliyoyatarajia. Matokeo mengine ni kwamba kisimani walisema mke wa Michael sasa anakunywa gongo na mayai.

"Haijapungua kitu, mama," alisema. "Sweta la Glory ukilifumua, uzi unapungua?"

Jenifa alikuwa mfumaji wa masweta ya shule, na swali la uzi hakuweza kulipuuza. "Haupungui."

"Atalivaa?"

"Atavaa nini, uzi?"

"Basi. Protini ni uzi mrefu. Vipande vyake vinaitwa asidi amino, vimeshikana kimoja baada ya kingine. Halafu ule uzi unajikunja, unajishikiza wenyewe kwa vifungo vidogo vidogo visivyo na nguvu, mpaka unapata umbo lake. Kazi yake iko kwenye umbo. Katika dang'a kuna protini za kinga, kingamwili, za kumlinda ndama na magonjwa mpaka mwili wake ujue kutengeneza za kwake. Moto haukukata uzi. Umefungua vile vifungo. Uzi umekunjuka, umejisokota na wenzake, ndiyo hiyo unayoila."

Jenifa aliacha kutafuna. "Lakini ni chakula."

"Ni chakula kizuri. Kinga hamna tena."

"Mbona ndama wa kina Modest alilelewa kwa uji, akasimama?"

"Alikufa, mama."

"Alikufa baadaye."

"Aliharisha akafa. Hakufa kwa njaa."

Jenifa alimega kipande kingine, lakini sasa alikila polepole, kama mtu anayekula kitu cha mwenzake.

Tekla alikuwa ameshatoka. Alizunguka nyumba mbio. Nyuma, wanaume walikuwa wamemlaza ng'ombe juu ya majani ya mgomba, na Michael, mumewe, alikuwa akitenganisha mbavu, viatu vyake vya mpira vimejaa damu.

"Dokta amekuja kukagua nyama!" alisema Patriki, jirani yao. "Haya, tupigie muhuri."

"Kiwele kiko wapi? Pengine kimebaki na chochote."

Walitazamana. Patriki akaelekeza kwa kidevu. Pembeni, vijana wawili walikuwa wamechuchumaa kwenye moto mdogo, na juu ya makaa, kikitoa mafuta, palikuwa na kipande kimoja tu kilichobaki.

"Kaa, shemeji, ule," Patriki alisema. "Kiwele cha dang'a hakilali."

"Baba Glory," Tekla alimwambia mumewe, "dang'a nimeichemsha. Ndama hana kinga. Lazima apate mbichi leo, na mapema."

"Leo kwa nini? Kesho nitaomba maziwa kwa kina Clement."

"Kesho utumbo utakuwa umefunga. Ndama akizaliwa, utumbo wake unapitisha protini nzimanzima mpaka kwenye damu. Kila saa inayopita mlango unazidi kufunga. Kesho hata umpe dang'a ya ng'ombe kumi ataisaga kama chakula kingine chochote."

Michael alifuta kisu kwenye majani. Hakuwa mtu mkali, ila alikuwa na nyama ya ng'ombe mzima mbele yake, jua lilikuwa linapanda, na wateja walishaanza kufika na mifuko. "Nikimaliza hapa tutaangalia," alisema.

Tekla alipanda kwenye kichuguu nyuma ya choo, mahali ambapo mtandao ulishika, akampigia Festo. Afisa mifugo alikuwa Katesh kikaoni. Alitoka nje kuongea.

"Umeichemsha yote?"

"Yote. Ulituambia tuchemshe."

Festo alicheka kidogo bila furaha. "Ni kweli. Nilisema ya watu, ya ndama sikuyasema. Unajua watu wangapi nimewaambia hivyo?" Akavuta pumzi. "Sasa sikiliza, dada Tekla. Dang'a ya unga huku hakuna, nimeshawahi kuitafuta. Tafuta ng'ombe aliyezaa leo au jana. Kwa kina Clement yupo?"

"Aliyepo alizaa mwezi uliopita."

"Hayo ni maziwa, si dang'a. Nani mwingine?"

Tekla alijua nani mwingine. Kengele za ng'ombe wake zilisikika mpaka pale kwenye kichuguu. "Gidahosh. Ng'ombe wake mwekundu alizaa jana usiku."

"Muulize kwanza kama ng'ombe wake wanatupa mimba. Wakiwa wazima, mpe ndama, usichemshe. Joto la mwili tu, lisizidi hapo."

"Nikamuulize Gidahosh swali hilo?"

"Muulize kwa adabu," alisema Festo, na simu ikakata.

Gidahosh alikuwa mfugaji wa Kibarbaig, boma lake ng'ambo ya korongo. Msimu uliopita ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi ya Michael, na Michael, badala ya kwenda kuzungumza naye, alikwenda moja kwa moja ofisi ya kijiji. Gidahosh aliitwa, akasimama mbele za watu, akakubali kosa. Tangu siku hiyo wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa kukohoa. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo kila mtu pale kijijini Gehandu alilijua: kwa Gidahosh, dang'a haitoki bomani. Ukifika utakunywa mpaka ushibe, lakini kuibeba kupita lango lake, hapana, hata kwa jirani, hata kwa mgonjwa. Baba yake alimwachia hivyo.

Na hapa nyumbani, Jenifa hakuruhusu tone la maziwa mabichi kutoka kwingine livuke ua.

Tekla alifikiri hayo yote akishuka kwenye kichuguu, na alipofika chini alikuwa ameshaona kwamba yanajibiwa kwa njia moja tu. Kama dang'a haiwezi kutoka kule na haiwezi kuingia huku, basi atakayesafiri ni ndama.

Alitandika majani kwenye toroli, akambeba ndama kutoka kwenye gunia akamlaza, akamfunika kwa khanga. Jenifa alimtazama kutoka jikoni.

"Unampeleka wapi?"

"Kwa Gidahosh."

"Michael anajua?"

"Atajua."

"Mbichi," Jenifa alisema, akijishika goti. "Maziwa mabichi ndiyo yaliyonimaliza mimi."

"Najua, mama. Hayataingia humu."

Njia ya korongo ilikuwa ya mawe. Toroli iliruka, kichwa cha ndama kikagonga ubao, Tekla akasimama, akakiweka sawa, akasukuma tena. Kisimani wanawake walinyamaza walipomwona, halafu mmoja akashindwa kujizuia.

"Mama Glory! Umejifungua salama?"

"Salama," Tekla alijibu bila kusimama.

"Kafanana na baba yake!"

Walicheka mpaka akawapoteza nyuma ya kona. Kwa kawaida angesimama akawajibu, maana jibu alikuwa nalo. Leo aliona tu masikio ya ndama. Aliyagusa. Yalikuwa ya baridi. Akajaribu kukimbia, toroli ikataka kupinduka, akarudi kwenye mwendo wa haraka unaochosha kuliko kukimbia.

Gidahosh alikuwa nje ya boma, anaziba tundu kwenye uzio kwa matawi ya miiba. Alikuwa mtu mrefu, shuka lake limefungwa begani, na hakuacha kazi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alitupa macho kwenye toroli. "Huyo ndama wa Michael?"

"Ni wangu."

"Nyumba ya Michael, ndama wa Michael. Sasa ameingia kwangu bila ruhusa." Alisukuma tawi mahali pake. "Nimpeleke ofisi ya kijiji?"

Tekla alihisi uso unapata moto. Ndani ya boma mtu alicheka, sauti ya mwanamke. Hakuwa na muda wa kuona haya vizuri. Alieleza kila kitu kwa mfululizo: ng'ombe kuchinjwa, sufuria, kiwele, Festo. Gidahosh alisikiliza, kisha akamtafsiria mke wake mkubwa, aliyekuwa ametokea langoni na vikuku vya shaba hadi karibu na kiwiko. Mama yule alisema neno fupi.

"Anauliza, mliichemsha dang'a ya ndama?"

"Nimeichemsha mimi."

"Anasema nyinyi Wambulu siku moja mtachemsha hata mvua."

"Mwambie leo amenipata," Tekla alisema. Kisha, kwa sababu lilikuwa bado limebaki, na kwa sababu hakujua namna nzuri ya kulisema, alilisema vibaya. "Mzee, ng'ombe wako wanatupa mimba?"

Tawi la miiba lilibaki hewani. Mama wa boma hakuhitaji tafsiri; alirudi nyuma hatua moja na kutazama pembeni. Gidahosh aliweka tawi chini polepole.

"Na mimi nikuulize," alisema. "Mama mkwe wako alizika watoto wangapi?"

Tekla alirekebisha khanga juu ya ndama.

"Umeona? Kuna kitu hakiulizwi langoni kwa mtu."

"Nisamehe, mzee. Ni hofu. Mama yangu mkwe huwezi kujua anavyoumia. Siwezi kumtoa ndama kwenye ugonjwa nimtie kwenye ugonjwa mwingine."

Ndama kwenye toroli alijaribu kulia, ikatoka pumzi tu. Wote watatu waligeuka kumtazama.

"Hapa hakuna aliyetupa," Gidahosh alisema hatimaye. "Wa ndugu yangu, kule upande wa ziwa, siwezi kuwasemea. Dang'a ipo. Lakini unajua haitoki."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja naye."

Aliangalia toroli upya, gurudumu, khanga, majani, kama mtu anayeona hesabu imefanywa kabla yake. "Sasa sikia. Akinywa kwa yule mwekundu, yule ndiye mama yake. Hatatoka hapa mpaka ale majani. Wewe utakuja kumlisha, wake zangu wana kazi zao. Na siku atakapozaa yeye, dang'a yake ya kwanza itanywewa hapa. Ukikubali, msukume ndani."

Tekla aliomba ampigie mume wake. Michael alipokea simu katikati ya kelele za wateja.

"Uko wapi? Mama anasema umemchukua ndama."

Akamweleza masharti.

"Usikubali kitu!" Michael alisema. "Ndama akilala kule harudi. Ningoje, nauza hii robo ya mwisho nakuja."

"Robo nzima?"

"Mama Glory, nimesema ningoje."

Alirudisha simu kwenye mfuko. Angeweza kungoja. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kungoja, na hata akifa ndama ingesemwa ni bahati mbaya, ng'ombe alikufa na mwanawe, mambo hutokea. Hakuna mlango unaoonekana ukifungwa ndani ya tumbo la ndama. Aliweka mkono chini ya khanga, akahisi mbavu zinapanda na kushuka, fupi fupi.

"Nimekubali," alisema, akashika mikono ya toroli.

Ndani ya boma, mama alileta kibuyu. Kilikuwa cheusi kwa ndani, kinanuka moshi, na Tekla alijua kwamba vibuyu vile husafishwa kwa kijinga cha moto. Alimshika mama mkono.

"Mama, ngoja! Kina moto hicho. Kikiwa na moto itakuwa kama ya kwangu."

Mama alimtazama, akaelewa, akacheka mpaka vikuku vikalia. Alichukua kibuyu akakibandika kwenye shavu la Tekla. Kilikuwa cha baridi kama jiwe.

"Jana," alisema kwa Kiswahili chake kichache. "Moto, jana."

Ng'ombe mwekundu aliletewa ndama wake kwanza, akamlamba, akaachia maziwa. Mama alikamua upande wa pili. Dang'a ilitoka nzito, ya njano, inavutika. Tekla aliipeleka kibuyu kwa kibuyu kwenye kona ambako ndama wake alikuwa amelazwa, akatia vidole viwili kwenye maziwa, akavitia mdomoni mwa ndama.

Ndama hakuvuta. Ulimi ulilala tu. Maziwa yalitoka pembeni, yakatiririka hadi kwenye khanga. Akajaribu tena, akainua kichwa, akashusha, akahofia yasiingie kwenye mapafu. Alijikuta anaongea naye Kiiraqw, lugha ya kwao Wambulu, maneno anayomwambia Glory akikataa dawa. Akamsugua koo. Akamsugua mgongo kwa konzi ya majani. Mama wa boma alikuja, akachuchumaa upande wa pili, na bila kuuliza akamshika ndama mkia karibu na shina akaanza kumkuna pale, kwa nguvu, kama mama ng'ombe anavyolamba.

Ulimi ukajikunja. Vidole vya Tekla vikabanwa.

"Anavuta," alisema. "Mama, anavuta!"

Kibuyu cha kwanza kilikwenda polepole sana, cha pili kwa haraka zaidi. Hakupumzika. Kila mara alipotaka kushukuru, lilikuja swali jingine: hii imetosha, au bado, na imeingia damuni, au imeingia tumboni tu? Kitabu kilisema kinga inapita. Hakikusema utajuaje imepita.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa mlima aliposikia sauti ya Michael nje ya lango. Hakuingia.

"Mama Glory! Mtoe ndama twende."

Tekla alikwenda langoni. Michael alikuwa bado na viatu vyake vya mpira, damu imekauka. Nyuma ya uzio, hatua chache tu, Gidahosh alikuwa anaendelea na miiba yake, na haikuwezekana asisikie.

"Amekunywa vibuyu viwili," Tekla alisema. "Jioni hii anakunywa tena, na usiku. Ukimtoa, dang'a haimfuati."

"Na masharti yale?"

"Nimeyakubali."

"Nilikwambia ungoje."

"Ulinambia. Ndama asingengoja."

Michael alitazama chini. Kisha akatazama ndani ya boma, alikolala ndama na khanga mgongoni, na Tekla akaona anapima mambo mawili, na hakumharakisha.

"Kwa hiyo nifanye nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ingia umsalimie."

Alivuta pumzi. "Hodi."

Miiba ikakwaruza. Hakuna jibu.

"Hodi, mzee."

"Nani?"

"Michael."

"Michael yupi? Yule wa ofisi ya kijiji?"

"Michael wa hapa hapa."

"Una karatasi?"

"Sina karatasi."

"Pita, basi."

Michael aliinama akapita. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Walikaa juu ya magogo mawili, wakaangalia ng'ombe, kwa sababu kuangalia ng'ombe ni rahisi kuliko kuangaliana. Mama alikuja na kikombe kilichojaa dang'a mbichi akakiweka mkononi mwa mgeni.

Michael alikishika. Alimwangalia mke wake. Tekla alijua anachokiona: magoti ya mama yake, fimbo yake, homa zile. Na kurudisha kikombe hakuwezekani, si leo, si katika boma hili.

"Mama," Tekla alisema, akinyoosha mkono, "ya kwake ichemshwe."

Gidahosh aligeuka mzimamzima. "Umekuja hapa unalia kwa sababu imechemshwa. Sasa unaomba ichemshwe?"

"Ndama anahitaji ile protini ikiwa nzima, na umbo lake. Baba Glory ni mtu mzima, tumbo lake litasaga kila kitu. Kwake ni chakula tu, na chakula kinapita kwenye moto. Ichemke mpaka ishike."

"Moto ule ule?"

"Ule ule."

Mzee alifikiri. Alimwambia mke wake maneno mengi, kwa mara ya kwanza siku ile. Mama aliitikia kwa kichwa, akachukua kikombe, akakimimina kwenye chungu, akaongeza na dang'a nyingine.

"Nimemwambia anichemshie na mimi," Gidahosh alisema. "Kama ni chakula tu, tule wote."

Ilipoganda walikula kwa vidole kutoka bakuli moja, wanaume wawili. Baada ya muda Gidahosh aliuliza, "Mahindi yako mwaka huu umepanda upande gani?"

"Upande ule ule. Hayawezi kuhama."

"Ng'ombe nao wana njia yao ile ile."

"Ndiyo hivyo."

Wakaendelea kula.

Tekla hakuonja. Alikuwa kwenye kona, ameweka kiganja chini ya tumbo la ndama. Lilikuwa limejaa, la moto, linagonga. Lakini tumbo la ndama aliyekunywa maji ya mchele nalo lingekuwa limejaa vile vile. Aliyagusa masikio. Aliona yamepata joto kidogo, kisha akafikiri pengine ni mkono wake mwenyewe. Alitaka kumuuliza mtu, na hapakuwa na mtu wa kuuliza, hata Festo asingeweza kuona kutoka Katesh. Wiki mbili, labda tatu, ndipo itajulikana, na itajulikana kwa kitu kimoja tu: kwamba hakuugua.

Upande wa pili wa zizi ng'ombe mwekundu aliita, na mama akainuka na kibuyu. Maziwa ya mkamuo wa pili yalipoanza kugonga kibuyuni, Tekla alikuwa ameshapiga magoti, vidole vyake vimo mdomoni mwa ndama, anangoja avute.